UZI: Shotigani za kale mezani, na kwa nini ukishika msasa umeiua

Karani Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna uzi wa walinzi wa maduka ya Kariakoo ulipita hapa, mdau akatupia picha ya mlinzi kaegemea mlango na shotigani ya mitutu miwili, kitako kimezungushiwa utepe mweusi wa umeme. Watu walicheka mpaka basi. Mmoja akasema akipewa yeye hiyo silaha anaipiga msasa, vanishi, anapaka rangi nyeusi, inarudi mpya. Nilianza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikaona lifunguliwe uzi wake.

Kwa asiyenijua: nimekula ugali wangu kwenye kampuni moja ya uwindaji wa kitalii hapa Dar, upande wa vibali vya silaha. Mgeni akishuka Uwanja wa Julius Nyerere na sanduku lake refu, mimi na askari tunalifungua, tunasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, tunailinganisha na iliyo kwenye kibali, tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, mgeni analala mjini. Wengi walikuja na raifo mpya zenye darubini ghali kuliko gari langu. Lakini kila msimu hakukosi mzee mmoja anayefungua sanduku la ngozi, ndani kuna shotigani ya kukunja, ile inayovunjika katikati ili utie risasi, iliyotengenezwa kabla nchi hii haijaitwa Tanganyika. Ya kupigia kanga na kwale tu.

Mzee mmoja wa namna hiyo, mtu wa Oklahoma, ndiye aliyenifanya nikaenda Tulsa kuona maonesho yao. Pale Tulsa hufanyika mara mbili kwa mwaka, meza zaidi ya 4,000 ndani ya ukumbi mmoja. Chukua Sabasaba uiezeke paa moja, halafu toa muziki na wale wanaokuita "karibu bosi". Mlangoni kila silaha inakaguliwa kama ni tupu, kisha inapitishwa kamba ya plastiki kwenye mtambo ili isiweze kufyatuka. Ndani kuna kila takataka: visu, sarafu, nyama kavu, kofia za vita. Hayo nayaruka.

Nilipokaa muda mrefu ni upande wa wakusanyaji wa shotigani za kale. Meza zao hazina bei. Kuna kitambaa cha kijani, bunduki tano au sita zimelazwa zikiwa zimekunjwa wazi, na kikadi kimoja kwa kila moja. Wengi wao hawauzi. Wamesafiri na mzigo huo ili wenzao wauone na wabishane.

Ninaanza na moja niliyoinamia hadi mgongo ukauma. Ni Parker, geji 12, mitutu miwili sambamba. Kiwanda cha Parker Brothers kilikuwa Meriden, jimbo la Connecticut. Walitengeneza bunduki karibu 242,000 kwa jumla, na mwaka 1934 wakanunuliwa na Remington. Madaraja yao yanakwenda kwa herufi: VH ya mtu wa kawaida, GH, DH, unapanda hivyo hadi A-1 Special, ambayo mkulima wa wakati ule hakuwahi kuigusa. Hiyo H maana yake nyundo zimefichwa ndani, na ukiona E baada yake, bunduki inatema maganda yenyewe ukiikunja. Iliyokuwa mezani ni DH, na juu ya mtutu imeandikwa "Titanic Steel". Msicheke, chuma hicho kilipewa jina hilo kabla meli haijajengwa.

Mwenye bunduki akanipa glavu za pamba, kisha akaniambia nisitazame michoro ya mbwa na ndege kwanza. Nitazame skrubu.

Skrubu zote za ubavuni, ule mfereji wa kuingizia bisibisi ulikuwa umelala mstari mmoja, kufuata urefu wa bunduki. Hakuna uliokwenda upogo hata kidogo. Fundi wa kiwandani alikuwa anazikaza mpaka mfereji ulale hivyo, ndipo mchoraji anachora majani juu yake, mstari wa jani unapita kwenye chuma cha bunduki na kuendelea juu ya kichwa cha skrubu. Mtu akifungua miaka 60 baadaye kwa bisibisi ya kununua barabarani, kingo za mfereji zinachanika, na akirudisha, jani halikutani tena na jani. Kwa hiyo kabla hujauliza mwaka wala bei, skrubu zimeshakuambia kama kuna mtu aliwahi kuingia humo ndani bila kujua anachofanya.

Rangi sasa. Ubavu wa mtambo una mawingu ya bluu, zambarau na kahawia kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maji. Siyo rangi ya kupaka. Chuma kilifukiwa kwenye sanduku la mkaa wa mifupa na mkaa wa miti, kikapashwa moto hadi kuwa chekundu, halafu kikatumbukizwa ghafla majini. Uso unakuwa mgumu, na mawingu yale yanabaki kama zawadi. Jua na kiganja cha mkono huyafuta taratibu, kwa hiyo bunduki iliyotumika kihalali inakuwa imepauka pale mtu anaposhika akitembea porini, na bado ina rangi kwenye pembe zilizojificha. Wakusanyaji wanapenda mpauko huo kuliko rangi mpya. Bunduki ikiwa na rangi kali kila mahali wakati kitako kimechakaa, wanaanza kunusa.

Ndiyo maana nilishtuka na yule wa msasa. Shotigani ya kale ikipigwa msasa, herufi zinapungua kina, pembe kali zinakuwa butu, mchoro unafifia, mbao inashuka chini ya usawa wa chuma. Hapo thamani yake kwa mkusanyaji imeondoka sehemu kubwa, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kutu nyepesi inafutwa kwa mafuta na kitambaa. Ufa wa kitako unaachwa ufa. Hata ule utepe wa mlinzi una afadhali kuliko msasa, unabanduka.

Nitaendelea. Maswali karibuni.

Kwetu Mbagala

Naweka kambi hapa. Mkuu tupia picha basi.

Jogoo la Ilala

Mkuu Karani, shule nzuri. Ila mimi siku zote nasikia geji 12, geji 20, sijawahi kuelewa. 20 si inapaswa kuwa kubwa kuliko 12? Mbona watu wanasema ni ndogo?

Karani Mstaafu

Picha sina ruhusa, Mbagala, wale wazee wana wivu na mali zao.

Jogoo, hesabu yake ni ya kizamani. Chukua ratili moja ya risasi, yaani ile madini. Iyeyushe utengeneze goroli zinazolingana, kila moja ikae sawasawa kwenye tundu la mtutu. Zikitoka goroli 12, mtutu ni geji 12. Zikitoka 20, maana yake goroli ni ndogo zaidi, basi na tundu ni dogo. Geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 20 ni kama 15.6. Kuna moja imekaa nje ya utaratibu, ile .410, hiyo ni kipimo cha tundu lenyewe kwa inchi.

Na kwa sababu umeuliza, chukua na hii, imevunja mikono ya watu. Risasi ya geji 20 ukiitia kwenye geji 12 haikai mahali pake, inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mtu anachungulia anaona chemba, yaani pale risasi inapokaa, ni tupu, anatia ya 12 nyuma yake, anafyatua. Mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto ulipo. Ndiyo sababu risasi za geji 20 siku hizi hutengenezwa za njano, ili usizichanganye mfukoni.

Binti Upanga

Samahani kaka, mimi ninaona mnapamba kitu ambacho hakipambiki. Nchi hiyohiyo watoto wanapigwa risasi madarasani, na wazee wanafunga safari na vitambaa vya kijani kuonyeshana bunduki. Hawaoni haya? Na nimesikia kwenye hayo maonesho mtu ananunua anaondoka bila kuulizwa jina.

Karani Mstaafu

Dada yangu, swali lako ni la haki, sitalikwepa.

Unachosikia ni nusu. Muuza silaha mwenye leseni, hata akiwa kwenye maonesho, sheria yao ya shirikisho inamtaka amchunguze mnunuzi kabla ya kumkabidhi. Ila mtu binafsi anayeuza ya kwake, sheria hiyo ya shirikisho haimlazimishi. Majimbo kama California na Colorado yameziba tundu hilo kwa sheria zao, mengi hayajaziba. Hapo sina la kuwatetea. Nilikaa pale na nikaona meza nyingine ambazo ningekuwa mimi askari ningezifunga asubuhi hiyohiyo.

Halafu kuna mstari wa tarehe. Kwa sheria yao ya 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla inahesabiwa kitu cha kale, na kwa sehemu kubwa inatoka kwenye masharti ya silaha. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898. Maana yake bunduki iliyotoka kiwandani siku ile anafariki, leo Marekani inauzwa kwa taratibu za kabati la bibi. Kwetu sisi silaha za enzi hizo zinakaa Kalenga, makumbusho, pamoja na fuvu lake lililorudishwa 1954.

Lakini kundi ninalolieleza ni wazee wa miaka sabini na kitu wanaobishania skrubu. Ukimpa mmoja wao risasi mpya aitie kwenye Parker yake atakufukuza mezani. Nikikwambia bunduki hizo hazikuundwa kuua nitakuwa mwongo, ziliundwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ya sasa ndiyo imebadilika.

Binti Upanga

Nimekuelewa. Sijakubali, ila nimekuelewa. Endelea.

Mzushi wa Posta

Tuleteeni habari za bei. Zinafika ngapi?

Karani Mstaafu

Nilijua Posta utauliza hela.

Ya kufungulia macho ni Fox. Huyu Ansley Fox alikuwa na kiwanda Philadelphia, na mwaka 1909 alimpa Theodore Roosevelt shotigani ya daraja la F, lenye nakshi nzito, kwa ajili ya safari yake ya Afrika. Roosevelt alikuwa ametoka madarakani mwaka uleule, akashukia Mombasa mwezi Aprili, akaenda nayo. Dar hakuja, huku walikuwa Wajerumani. Bunduki hiyo ilipigwa mnada Marekani 2010 ikaenda kwa dola 862,500.

Sasa usikimbilie stoo. Fox za kawaida zipo kwa maelfu na hazifiki hata kivuli cha hela hiyo. Kilicholipiwa pale ni mkono ulioishika, na makaratasi yanayothibitisha. Wakusanyaji wa Parker wana chama chao, ukiwapa namba ya bunduki wanaweza kukutolea barua kutoka kwenye vitabu vya oda vya kiwanda vilivyobaki: iliagizwa lini, ilikuwa na mitutu ya inchi ngapi, kitako cha namna gani, ilipelekwa duka gani. Barua ikisema inchi 30 na mezani ipo ya inchi 26, basi mtu amekata. Mabishano yanaanzia hapo. Na wapo wajanja wanaochukua VH ya mtu maskini, wanaichora upya iwe DH. Barua inawaumbua.

Niliona mzee mmoja amepanga L.C. Smith, zile za Fulton, New York. Pembeni kaweka Ithaca, Lefever na Winchester Modeli 21. Nyuma kabisa kulikuwa na Browning yenye kigongo mgongoni, ile Auto-5 ya John Browning iliyoanza kutengenezwa Ubelgiji na kiwanda cha FN mwanzoni mwa miaka ya 1900. Hiyo ya mwisho ilinivutia kwa sababu nimeona ndugu yake Ubungo, kwenye lindo. Mzee wa meza hakuamini nilipomwambia bado inafanya kazi ya usiku.

Kwetu Mbagala

Hahaha, shifti ya usiku miaka mia. Haina likizo wala pensheni.

Mwana wa Mhunzi

Mkuu Karani, mimi kwetu ni Tabora, babu zangu walikuwa wanafua magobore. Nina dukuduku. Huku kwetu gobore likikamatwa au likisalimishwa linaenda kuteketezwa. Sawa, yanaua tembo na yanaua watu, sipingi. Lakini kuna gobore nililoliona nikiwa mdogo, mtutu wake ulikuwa bomba la maji, kitako kimechongwa kwa shoka, na fataki za kuwashia ni vichwa vya kiberiti. Huyo fundi hakusoma popote. Wazungu wanaweka kitambaa cha kijani, sisi tunaweka tanuru. Mnaliona vipi hili?

Karani Mstaafu

Mwana wa Mhunzi, hapo umegusa kitu ambacho nilikuwa nakizunguka.

Mimi nasema yateketezwe, lakini kabla tanuru halijawashwa apite mtu wa Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert, achague. Moja kutoka kila mkono wa fundi, moja kutoka kila eneo. Mtambo unaharibiwa lisifyatuke, linawekewa kikadi: limetoka wilaya gani, mtutu ni wa nini, lilipigwa kwa baruti gani. Gharama yake ni kikadi na kioo. Ukilinganisha na wale wazee, wao wana barua ya kiwanda, sisi hatuna kiwanda, fundi mwenyewe ndiye barua, na wanakufa.

Na usidhani wale wa Ulaya walianza mbali na hapo. Mitutu yao ya zamani inaitwa damaski: walichukua vyuzi vya chuma laini na chuma kigumu, wakavisokota pamoja, wakavizungushia kwenye nondo, wakavigonga vikiwa na moto mpaka vishikane kuwa bomba. Ukiipaka dawa inatokea mistari ya mawimbi mtutu mzima, hakuna miwili inayofanana. Ni kazi ya nyundo na makaa, kazi ya babu yako. Nzuri mno kwa macho. Ila ilitengenezwa zama za baruti nyeusi, na mtu akitia risasi ya baruti ya kisasa anacheza na uso wake.

Jogoo la Ilala

Kwa nini? Si risasi ni risasi, ikiingia imeingia?

Karani Mstaafu

Ikiingia ndiyo hatari yenyewe, Jogoo. Sikiliza.

Shotigani nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya inchi 2½. Risasi za dukani leo nyingi ni inchi 2¾. Urefu huo unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limefunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wa ganda umekunjwa ndani, kwa hiyo ni fupi, linaingia vizuri kabisa na bunduki inafunga bila kulalamika. Ukifyatua, mdomo unafunguka na kuingia kwenye sehemu ambapo chemba inaanza kubana kuwa mtutu. Njia inakuwa nyembamba, marisau, vile vigoroli vya ndani ya ganda, yanapita kwa nguvu, shinikizo linapanda juu ya lile bunduki ililopimiwa.

Ndiyo maana Waingereza wana nyumba za majaribio. Ya Birmingham ilianzishwa 1813, ya London ni ya zamani zaidi. Kila mtutu unapigwa risasi yenye nguvu kupita kawaida, ukisalimika unagongwa muhuri chini yake, pale ambapo hauonekani mpaka ukunje bunduki na kuutoa mtutu. Wakusanyaji wanageuza bunduki kusoma tumbo lake kabla ya kusifu mgongo. Maandishi ya pale hayakuwekwa kwa ajili ya mnunuzi, kwa hiyo hayana sababu ya kudanganya.

Mama Wawili Tabata

Shikamoo kaka Karani. Nimesoma kimyakimya toka juu, sasa nina shida ya kweli. Baba mkwe alifariki, aliacha shotigani ya mitutu miwili iliyokuwa ya baba yake. Alikuwa nayo kihalali, leseni ipo. Baada ya msiba mume wangu aliipeleka kituoni, ipo kwenye ghala la polisi mpaka sasa. Familia inagombana. Shemeji mmoja anasema iuzwe kwa Wazungu, ni ya mamilioni, babu aliichukua kwa Mjerumani vita ya kwanza. Mwingine anasema irudi nyumbani iwe urithi, itundikwe sebuleni. Mume wangu amechoka. Tufanyeje?

Karani Mstaafu

Marahaba dada, na poleni kwa msiba.

Kwanza mume wako alifanya sahihi kuipeleka. Leseni ni ya mtu, haikai kwenye mirathi kama shamba. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, mwanafamilia anayeitaka aombe yeye kwa jina lake, apite kwenye kamati za ulinzi na usalama na polisi kama mwombaji mwingine yeyote, na aeleze anaitakia nini. Huyo shemeji wa sebuleni mwambieni silaha haitundikwi ukutani Tabata kama saa. Wale wa Tulsa wanatundika kwa sababu sheria yao inawaachia, yetu haiwaachii.

Kuhusu Wazungu na mamilioni, punguzeni moto. Kusafirisha silaha nje kuna vibali vya huku na vya huko, na gharama zake zinaweza kuimeza bunduki yenyewe. Kabla ya kugombana, jueni mnagombania nini. Mume wako aende kituoni na nyaraka za mirathi, aombe kwa heshima askari wa ghala aigeuze tu amsomee. Asiguse yeye. Wanatoa kile kipande cha mbao cha mbele, mtutu unabanduka, chini yake kuna maandishi madogo. Anakili kila kitu kama kilivyo, hata kama ni taji au namba isiyoeleweka. Ya Kijerumani ina herufi zenye taji juu, U, N na nyingine. Ya Birmingham ina mihuri yake tofauti kabisa.

Na amwombe askari, kama imo kwenye sanduku la ngozi, itolewe ikae nje ya sanduku. Hewa ya Dar ina chumvi, ngozi inashika unyevu, bunduki inaliwa na kutu humohumo ndani ya sanduku mnalodhani linaitunza. Nimefungua masanduku mazuri ya kizungu nikakuta vumbi jekundu.

Mzushi wa Posta

Mama Wawili lete mrejesho. Na mimi nasubiri mamilioni ya Mjerumani.

Kwetu Mbagala

Uzi wa silaha umegeuka wa mirathi, Dar bwana.

Mwana wa Mhunzi

Wakati tunasubiri: kitako wanatumia mti gani? Kwa nini si mpingo wetu?

Karani Mstaafu

Mbao ya mti wa jozi, ule Wazungu wanaouita walnut, ndiyo wanayoisujudia. Nyepesi kiasi, inavumilia mtikisiko, na ile ya shina karibu na mizizi ina mawimbi ya ajabu. Mpingo ni mzito, unazama majini. Ukitengeneza kitako cha mpingo utawinda nusu saa ukae chini. Tuuache kwenye zumari zao.

Mama Wawili Tabata

Nimerudi. Askari alikuwa mtu mwema, alimsomea mume wangu yote na kumruhusu aandike. Mtambo umeandikwa Birmingham. Chini ya mitutu kuna mataji madogo, herufi BNP, namba 12, halafu 2½ na alama ya inchi, halafu "3 TONS". Hakuna zaidi. Skrubu nimemwambia aangalie, anasema moja imechanika, nyingine zimenyooka. Rangi imeisha ila herufi zinasomeka vizuri. Ilikuwa kwenye sanduku, imetolewa.

Karani Mstaafu

Hongera kwa mume wako, wengi wanashindwa hapo mlangoni.

Sasa nisikilizeni na shemeji awepo. Hiyo si ya Mjerumani, ni ya Birmingham, mihuri ndiyo inasema. Na ule muhuri wa tani ni wa kanuni zilizoanza katikati ya miaka ya 1950. Maana yake ni shinikizo ambalo bunduki imepimiwa, tani 3 kwa inchi ya mraba. Kama kungekuwa na mihuri ya aina mbili, ya zamani na mipya, ningesema labda ni kuukuu iliyopimwa upya. Mmesema hakuna zaidi. Basi ilipimwa wakati Tanganyika iko chini ya Gavana Twining au baada yake, na babu hakuichukua vitani. Yamkini aliinunua dukani akalipa kama watu wengine.

Ni shotigani safi ya kazi, isiyopigwa msasa, yenye chemba ya inchi 2½, kwa hiyo atakayepewa leseni asithubutu kutia risasi ndefu za siku hizi. Kwenye meza za Tulsa ingekaa kwa heshima, pembeni. Mamilioni hayapo.

Mama Wawili Tabata

Asante sana kaka. Shemeji ameusoma ujumbe wako, anasema BNP ni kifupi cha jina la yule Mjerumani.

Jogoo la Ilala

Nimeanguka kitandani.

Karani Mstaafu

Dada, mwambie ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Birmingham kwa baruti ya kisasa. Akikataa, mwache na Mjerumani wake, lakini leseni aombe mume wako.